Koo Likiuma Ghafla: Mwongozo Kamili wa Kulichunguza na Kulitibu

"Nipe za koo."

Nauza dawa Kisauni, Mombasa, na neno hilo nalisikia kila siku. Anayelisema huwa ameshajiamulia: anataka vidonge vinne vya amoksilini, viwili avimeze leo, viwili kesho, basi. Baada ya wiki yuko palepale mbele ya kaunta, au safari hii ni mwanawe, na koo linauma upya. Haya nimeyaeleza kwa mdomo mara nyingi huku foleni ikingoja, na maelezo ya haraka hayakai kichwani. Ndiyo maana nimeyaandika yote, hatua kwa hatua.

Kosa ni lilelile: dawa inachaguliwa kabla koo halijatazamwa. Makoo mengi ya ghafla huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 wenye koo, takriban 20 hadi 30 kati ya 100 ndio wenye bakteria wa streptokoka kundi A. Kwa watu wazima ni 5 hadi 15 tu. Hao ndio wanaohitaji antibiotiki, tena kwa dozi kamili, kwa sababu bakteria huyo akiachwa anaweza kuleta homa ya rumatiki wiki 2 au 3 baadaye na kuharibu vali za moyo wa mtoto. Waliobaki wanahitaji kutulizwa maumivu, kunywa vya kutosha na kupewa muda.

## Vitu vya kuandaa

- Tochi. Ya simu inatosha.
- Kijiko safi chenye mpini bapa.
- Kipimajoto. Mkono juu ya paji la uso haukwambii kama ni 37.5 au 39.
- Kalamu na karatasi, na saa.
- Uzito wa mtoto kwa kilo. Tazama kijitabu cha kliniki. Kama ni wa zamani, mpime upya.
- Parasetamoli, na kwa mtoto, sirinji au kikombe cha kupimia. Vijiko vya nyumbani havilingani.
- Chumvi ya mezani na maji ya kunywa yaliyochemshwa.
- Asali na ndimu, ukipenda.

Kuhusu maji: usisukutue kwa maji ya kisima kwa sababu tu "tayari yana chumvi". Visima vingi mitaani kwetu viko karibu na vyoo. Tumia maji unayoyanywa.

## Hatua ya 1: Tafuta dalili za hatari kabla ya kufungua mdomo

Hatua hii inatangulia kwa sababu kuna makoo ambayo kijiko chenyewe kinaweza kuyazidisha. Kidakatonge, yaani kile kifuniko cha njia ya hewa, kikivimba, kumkandamiza mtoto ulimi kunaweza kumziba pumzi. Basi mtazame kwanza kwa mbali, akiwa ameketi ametulia.

Nenda hospitali sasa hivi ukiona lolote katika haya:

- Anapumua kwa shida, au hewa inakoroma akiivuta hali yuko macho.
- Hawezi kumeza mate yake, udenda unamtoka.
- Anaongea kama mwenye tonge mdomoni, au mdomo haufunguki vizuri.
- Shingo imekakamaa, au imevimba mpaka imekuwa nene.
- Amelegea sana, au hajakojoa tangu asubuhi mpaka jioni.
- Ni mtoto wa chini ya miezi 3 na joto limefika 38.

Kuna kundi jingine linalosahaulika: anayemeza dawa za tezi ya shingo kama kabimazoli, anayemeza klozapini, na anayetibiwa saratani. Dawa hizo zinaweza kushusha chembe nyeupe za damu, na koo kuuma ikawa ndiyo ishara ya kwanza. Huyo anahitaji kipimo cha damu siku hiyohiyo hata kama koo linaonekana la kawaida.

Ukiwa unaishi Likoni, usingoje mgonjwa azidiwe usiku ndipo uanze kufikiria feri. Anza na hospitali ya upande wako. Wao ndio watakaoamua kama avushwe kwenda hospitali kuu ya Makadara. Wa Changamwe vilevile, Port Reitz iko karibu.

Umefaulu hatua hii ikiwa: umepitia orodha yote na jibu ni "hapana" kila mahali. Hata "labda" moja ni safari ya hospitali.

## Hatua ya 2: Pima joto, kisha uliza

Pima joto kabla ya kumpa dawa ya kuteremsha homa. Ukimpa kwanza, kipimo kitakudanganya. Andika namba na saa.

Kisha uliza na uandike: lilianza siku gani? Ana kikohozi? Kamasi? Sauti imekauka? Macho mekundu? Vidonda mdomoni? Hizi zote huelekeza kwenye virusi. Koo la streptokoka kwa kawaida huja ghafla, lina homa, linauma ukimeza, na halina kikohozi wala kamasi. Watoto huongeza kuumwa tumbo, kichwa, hata kutapika.

Homa ya Mombasa usiihukumu kwa koo peke yake. Malaria iko Pwani, na mtu anaweza kuwa na koo na malaria pamoja, kwa hiyo mwenye homa apimwe. Homa ya dengi nayo imetupiga zaidi ya mara moja, mwaka 2013 na tena 2017. Kama viungo vinamvunjika, nyuma ya macho panauma au ngozi imetoka vipele, usimpe ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini mpaka apimwe, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuzidisha kutokwa na damu kwenye dengi. Parasetamoli pekee.

Vipele vikija pamoja na macho mekundu na kikohozi kwa mtoto, fikiria surua na umpeleke kliniki. Na mtu mzima ambaye wiki 2 hadi 4 zilizopita alijiweka kwenye hatari ya VVU, kisha akapata koo, homa na vipele, akapime na awaambie ni lini.

## Hatua ya 3: Tazama koo lenyewe

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanaangaza tochi sekunde moja, wanaona wekundu, wanafunga kesi. Koo la kawaida pia ni la waridi kuelekea wekundu.

Kabla ya yote, mpe maji asukutue na kunywa. Mtoto aliyetoka kula mabuyu ana ulimi na koo jekundu kuliko mgonjwa yeyote. Nimewahi kuletewa kijana wa miaka sita ambaye mamake alikuwa na hakika kwamba koo "limechubuka damu". Tulimpa glasi ya maji, akasukutua mara tatu juu ya sinki, maji yakatoka mekundu kama sharubati, na koo likabaki safi. Alikuwa na mafua tu.

Mkalishe mtoto mapajani mwa mtu mzima mwingine, mgongo wake kwenye kifua cha huyo mtu. Mkono mmoja wa mshikaji uzunguke mikono ya mtoto, wa pili ushike paji la uso. Wewe keti mbele, macho yako yalingane na mdomo wake. Mwambie aseme "aaa". Mara nyingi ulimi hushuka wenyewe, kijiko hakihitajiki.

Ukihitaji kijiko, lowesha mpini, uweke katikati ya ulimi, bonyeza chini taratibu. Usiupeleke nyuma kabisa. Huko ndiko kunakotapisha, na mtoto aliyetapishwa mara moja hatakufungulia mdomo tena wiki nzima. Mtu mzima anaweza kujitazama kwenye kioo, au kujipiga picha kwa simu yenye taa.

Unatafuta sehemu tatu: kimio kinachoning'inia katikati, mafindofindo kulia na kushoto, na ukuta wa nyuma. Linganisha pande mbili.

Unachoweza kukuta:

Wekundu kote bila uvimbe mkubwa, mara nyingi ni virusi.

Mafindofindo yaliyovimba, yenye madoa ya usaha mweupe au wa manjano. Inaweza kuwa streptokoka, lakini hapa naomba usimame kidogo: virusi pia huleta usaha. Doa jeupe peke yake si ruhusa ya kununua amoksilini.

Vipande vidogo vyeupe vigumu, mtu hana homa wala maumivu makali: ni mabaki yaliyoganda kwenye vishimo vya mafindofindo. Si ugonjwa wa ghafla.

Utando mweupe kama maziwa ya mgando, ulimini na mashavuni pia: huenda ni fangasi. Kwa mtu mzima, fangasi za koo zinataka uchunguzi wa sababu, mathalani kisukari au VVU.

Utando wa kijivu ulioshikamana na koo, shingo imevimba: hilo linaweza kuwa dondakoo. Usiukwangue, utatoka damu. Ni hospitali mara moja. Chanjo yake imo ndani ya zile za wiki ya 6, 10 na 14. Angalia kijitabu kama mtoto alizikamilisha.

Upande mmoja umevimba hadi umekisukuma kimio upande wa pili: ni jipu nyuma ya findo. Linahitaji kutobolewa na daktari. Vidonge pekee havitoshi.

Umefaulu ikiwa: umeona kimio na mafindofindo yote mawili kwa pamoja, hata kwa sekunde mbili. Kama hukuona, andika "sikuona", usikisie.

## Hatua ya 4: Papasa shingo

Kwa ncha za vidole, papasa chini ya pembe ya taya, pande zote mbili, ukishuka mbele ya ule msuli mrefu wa shingo. Tezi zilizovimba huteleza kama mbaazi zilizorowekwa. Uliza kama zinauma zikiguswa. Za mbele zinazouma zinaelekeza kwenye streptokoka.

Papasa na nyuma ya shingo. Kijana mwenye tezi nyingi za nyuma, uchovu mzito na koo la zaidi ya wiki anaweza kuwa na virusi vya Epstein-Barr. Huyu akimeza amoksilini, anaweza kutoka vipele mwili mzima, kisha anaandikwa kuwa ana mzio wa penisilini maisha yake yote ilhali hana.

## Hatua ya 5: Hesabu alama

Sasa tumia ulichoandika. Madaktari huziita alama za Centor, hapa zikiwa zimeongezewa umri, na hesabu ni nyepesi. Weka alama 1 kwa kila jambo lililopo:

- Joto limezidi 38.
- Hakuna kikohozi.
- Tezi za mbele ya shingo zimevimba na zinauma.
- Mafindofindo yamevimba au yana usaha.
- Umri ni miaka 3 hadi 14.

Mwenye miaka 45 au zaidi, punguza alama 1. Mtoto wa chini ya miaka 3 usimhesabu hivi, kwani streptokoka ni nadra kwake. Akiwa na homa na koo, apelekwe kliniki.

Alama 0 au 1: ni virusi karibu kwa hakika. Nenda Hatua ya 6, usinunue antibiotiki.

Alama 2 au 3: mwone afisa wa kliniki au daktari, uulize kama kuna kipimo cha ute wa koo. Ni pamba inayopitishwa kwenye mafindofindo, na kile cha haraka hutoa jibu kwa dakika chache.

Alama 4 au 5: nenda leo au kesho. Hata hapa, takriban nusu tu ndio hukutwa na streptokoka, kwa hiyo kipimo bado kina maana kikipatikana.

Wazazi huniuliza, "Nikingoja kipimo, moyo hautaharibika?" Hapana. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inazuia homa ya rumatiki. Una muda wa kufanya jambo sawasawa.

## Hatua ya 6: Tuliza maumivu na homa

Hii ni ya kila mgonjwa, mwenye virusi na mwenye bakteria.

Parasetamoli kwa mtu mzima: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, au mwembamba wa chini ya kilo 50, aulize kwanza. Soma pia vipakiti vya mafua unavyochanganya na maji ya moto. Vingi vina parasetamoli ndani, na mtu hujikuta amemeza mara mbili.

Kwa mtoto, ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila saa 6, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 120 hadi 180. Kama chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 5 hadi 7.5. Soma chupa yako, kwa sababu hazifanani.

Ibuprofeni husaidia sana koo, ikinywewa baada ya chakula. Isimezwe na mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala anayeshukiwa dengi. Aspirini usimpe mtoto wa chini ya miaka 16.

Kusukutua: nusu kijiko cha chai cha chumvi ndani ya glasi ya maji vuguvugu. Inua kichwa, yazungushe kooni sekunde 15 hivi, tema. Mara 3 au 4 kwa siku. Chumvi hupunguza uvimbe na kusafisha ute, haiui ugonjwa. Mtoto ambaye hajui kutema asisukutue.

Asali kijiko kimoja, peke yake au kwenye maji ya tangawizi na ndimu, hulainisha koo. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe kabisa, hata ya kulambishwa kidoleni, kwa hatari ya sumu ya botulizimu.

Vyakula laini: uji, madafu, viazi vilivyopondwa, mchuzi usio na pilipili. Achari, kachri za pilipili na ukwaju mkali viwekwe kando siku hizo. Barafu ya kulamba haina ubaya wowote, ijapokuwa nyanya zetu wataikataa. Baridi hufisha ganzi na mtoto hupata maji.

Umefaulu ikiwa: nusu saa hadi saa moja baada ya dawa anaweza kumeza maji, na anakojoa kama kawaida.

## Hatua ya 7: Ukiandikiwa antibiotiki, ipe siku zake 10

Penisilini ndiyo dawa ya kwanza, na mpaka leo streptokoka kundi A haijaishinda. Mtu mzima kwa kawaida huandikiwa penisilini V miligramu 500 mara mbili kwa siku, siku 10. Mtoto huandikiwa amoksilini miligramu 50 kwa kila kilo kwa siku, isizidi 1000, siku 10. Njia nyingine ni sindano moja ya benzathini penisilini: yuniti 1,200,000 kwa wa kilo 27 na zaidi, 600,000 kwa aliye chini ya hapo. Ichomwe kituo cha afya, na ukae nusu saa kabla ya kuondoka. Aliyewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya penisilini aseme kabla ya kupokea chochote; dawa mbadala zipo.

Sasa sikiliza kuhusu chupa ya unga, maana hapa ndipo dozi nyingi hufia. Mama mmoja alirudi na mtoto wa kilo 15, koo bado linauma. "Shikamoo mama, dawa alimaliza?" "Marahaba. Alimaliza, mwanangu, chupa hii hapa tupu." Ilikuwa ya mililita 100. Aliandikiwa mililita 5 mara 3 kwa siku, yaani 15 kwa siku, na kwa siku 10 ni mililita 150. Chupa yake iliisha siku ya saba. Mama hakukosea kitu. Hakuna aliyemwambia kwamba zinahitajika chupa mbili.

Basi piga hesabu hiyo ukiwa bado dukani, na uondoke na chupa zote. Ya pili usiikoroge mpaka ya kwanza iishe.

Kuikoroga: gonga chupa mpaka unga ulegee, tia maji yaliyochemshwa yakapoa hadi chini kidogo ya mstari, tikisa, acha povu lishuke, kisha ongeza hadi mstarini. Fuata karatasi ya chupa kuhusu kuhifadhi. Kwa kawaida hukaa siku 14 kwenye friji na siku 7 nje, lakini hizo 7 ni za mahali penye nyuzi 25. Joto la kaskazi linapita hapo. Kama huna friji, mwachie jirani mwenye friji. Tikisa kila mara kabla ya kumpimia.

Ukiugua Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Ukiwa una nguvu za kufunga, mwambie daktari, kwa sababu penisilini V ya mara mbili inaingia vizuri wakati wa futari na daku. Usikate dozi kimyakimya.

Mgonjwa wa streptokoka akae nyumbani mpaka saa 24 zipite tangu dozi ya kwanza. Siku hizo mtengee sahani yake, asile kwenye sinia la wote, na kikombe cha kahawa barazani asikizungushe.

Umefaulu ikiwa: homa imeshuka ndani ya siku 2 au 3, na dawa imeendelea hadi siku ya 10 ingawa koo lilishapona.

## Mambo ya kuacha kabisa

Kukata kimio. Najua bado kunafanyika, na najua wanaowapeleka watoto wanawapenda. Kimio hakisababishi koo wala kikohozi. Huvimba kwa sababu koo limewaka. Kukikata huleta damu isiyokoma, maambukizi, pepopunda, na wembe uliotumika kwa mwingine huambukiza VVU. Watoto wamekufa kwa jambo hili.

Mafuta ya taa, kunywa au kupaka kooni. Tone likiingia mapafuni huleta nimonia mbaya.

Vidonge vilivyobaki vya mgonjwa wa mwaka jana. Na vidonge viwili viwili vya kupimiwa kwenye karatasi: ukiona muuzaji anakupa hivyo, mimi nikiwamo, kataa.

## Hatua ya 8: Fuatilia kwa siku

Koo la virusi huuma zaidi siku 2 au 3 za mwanzo, kisha hulegea, na wengi hupona ndani ya wiki moja. Kikohozi kinaweza kubaki baada ya hapo.

Rudi kituo cha afya ikiwa siku ya 3 homa haijashuka, maumivu yamehamia upande mmoja, sikio limeanza kuuma, au wiki imepita bila nafuu. Na kwa wiki kadhaa, hata miezi, baada ya koo, uwe macho kwa mtoto: viungo vikubwa kuvimba kwa kuhamahama, kuchoka na kuhema, mikono kuchezacheza bila kutaka, au mkojo wa rangi ya chai ya rangi na uso kuvimba asubuhi. Hizo zinaweza kuwa dalili za homa ya rumatiki au za figo. Nenda, na uwaambie kwamba aliumwa koo, na tarehe.

Tarehe hizo ziandike nyuma ya kijitabu cha kliniki kila koo linapomrudia. Mtoto akifikisha mara 7 kwa mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au 3 kila mwaka kwa miaka 3, daktari wa masikio, pua na koo anaweza kuzungumza nawe kuhusu kuyatoa mafindofindo, na jambo la kwanza atakalotaka kuliona ni karatasi hiyo.